Msemaji Aliyepewa Herufi ya R

Sosthène alikuwa msemaji. Sisemi emsii. Sisemi hawa vijana wenye koti la kung'aa wanaoshika maikrofoni kama mtu anayeguguna muhindi. Nasema msemaji, yule anayetumwa na ukoo kwenda kuomba binti wa watu, akarudi ama na binti ama na aibu. Akirudi na aibu ni yake peke yake, maana maneno yalikuwa yake.

Alizaliwa upande wa pili wa mpaka, Congo, karibu na Butembo, na baba yake alikuwa msemaji kabla yake. Lugha ya kwao na ya kwetu Bwera ni moja, milima ni ileile, kinachotutenga ni mto na bendera. Kwa hiyo alipokuja kuishi huku hakuhitaji kufundishwa kusema. Nilimsikia kwa mara ya kwanza Kisinga, kwa watu waliokuwa na binti mmoja na kiburi cha watu wenye mabinti kumi. Msemaji wao alimwuliza wamefuata nini. Sosthène hakujibu. Alisimama, akawainamia, akawageuzia mgongo, akawaita wazee wake, na sote tukaenda chemba nyuma ya jiko. Tukakaa huko mpaka wenyeji wakaanza kukohoa. Tuliporudi, akasema kwamba sisi ni watu tuliopotelewa na mbuzi jike, na nyayo zake zimeingia katika ua huu.

Jibu hilo kila mtu alilijua tangu asubuhi. Watoto waliopanda ukutani walilijua. Lakini desturi ndivyo ilivyokuwa: anayeulizwa na wakwe hajibu papo hapo, na hajibu peke yake. Ukijibu haraka umewaambia kwamba binti yao ni kitu cha dukani. Ukijibu peke yako umewaambia kwamba huna watu. Kule kwenda chemba ndiko kulikokuwa heshima, na maneno yalifuata nyuma kama mtoto anavyomfuata mama yake. Siku hizi heshima hiyo inaitwa kuchelewesha programu.

Sosthène hakuwa na mtoto wake aliye hai. Alikuwa na Bénit, mtoto wa ndugu yake. Ndugu huyo na mkewe waliuawa shambani kwao, upande wa Beni, na Sosthène akavuka mpaka na mtoto mgongoni, mtoto aliyekwisha kujua kutembea lakini tangu siku ile akawa hataki kukanyaga chini. Waliishi kambini muda wa kutosha kumsahaulisha mtu ladha ya nyama. Kisha Sosthène akashuka Bwera, akaanza kuuza mawese sokoni, na kwa mawese hayo Bénit akasoma mpaka chuo kikuu. Alimwita Sosthène papa. Hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo.

Kwetu baba mzazi hamsemei mwanawe kwa wakwe. Anakaa kimya, na ndugu yake ndiye anayesimama. Kwa hiyo hata kama baba yake Bénit angekuwa hai, aliyepaswa kusimama ni Sosthène. Alikwisha kuwasemea wana wa watu kutoka Mpondwe mpaka Kilembe, na kila tuliporudi, tukiwa tumeshiba na wazee wanasinzia, alisema maneno yaleyale: "Inabakia moja tu. Ile yangu." Hakuwa na haja nyingine kubwa duniani. Alitaka kusimama mbele ya wakwe amwombee Bénit mke kwa kinywa chake.

Bénit alipata kazi katika shirika moja mjini Kasese, na huko akampata Kusiima. Baba yake Kusiima alikuwa fundi katika kiwanda cha saruji, mtu mpole asiye na neno. Neno lilikuwa la dada yake, shangazi Kebirungi, mwanamke mwenye miwani shingoni, katika nyumba ambamo hata paka anakaripiwa kwa Kiingereza. Kebirungi alikwisha kutangaza kwamba binti wa nyumba ile hataolewa na watu wa mahema. Wakimbizi wapo wengi Kasese, aliwahi kusema, nao ni watu wazuri kwa kazi za mikono. Basi Bénit akawaambia wao ni wenyeji wa Bwera, watu wa kahawa, wenye shamba mlimani. Hakuna aliyekwenda kulitazama shamba hilo. Zamani wangetuma mtu alale huko siku kadhaa, ahesabu hata kuku. Siku hizi wanatazama picha kwenye simu.

Kijana akaja Bwera na rafiki yake wa ofisini, Crispus, kumweleza Sosthène jinsi mambo yatakavyokuwa. Mimi nilikuwapo, nimekaa juu ya dumu. Wenyeji wamemkodi emsii, Arthur Tumwesigye, ambaye kila mtu Kasese anamtaka. Huyo Arthur ana mchezo wake. Anachomoa karata yenye herufi, na msemaji wa upande wa mume anatakiwa kutaja maneno ya Kiingereza yanayoanza na herufi hiyo, ngoma ikipigwa, mpaka ngoma inyamaze. Akikwama anapewa adhabu ya kuchekesha watu. Akikwama mara ya pili anashushwa, upande wake unaleta msemaji mwingine. Watu wanapenda sana, alisema Crispus. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nikamwuliza mbuzi wa mahari wanatajwa saa ngapi. Akanitazama kama mtu anayetazama redio inayokoroma.

Bénit akasema polepole kwamba ingekuwa vizuri Crispus aseme, na papa akae mbele tu, pale pa heshima.

Sosthène aliendelea kupangusa mdomo wa dumu kwa kitambaa. "Crispus ni nani kwenu?"

"Ni rafiki yangu, papa."

"Rafiki iko mutu wa kukusindikiza. Haombe bibi." Akakunja kitambaa. "Kizungu inafundishwa. Miye si muti."

Kijana akaona hamwezi. Akaomba basi jambo moja tu, kwamba habari za kambi zisitajwe, kwa sababu wenyeji wanajua wao ni watu wa Bwera.

"Nitaitaja ya nini? Miye naenda kuomba bibi," Sosthène akasema. "Siendi kuomba maharagi."

Tukacheka, hata Crispus. Bénit alicheka mwisho, akaacha wa kwanza.

Sosthène akaja kwangu kujifunza. Kiingereza changu nilikiokota mwenyewe, katika magazeti ya kufungia nyama na kamusi isiyo na jalada, hakuna mwalimu anayenidai shukrani. Nilijua kwamba neno la kukariri tu halimkai mzee kichwani. Kwa hiyo kila herufi nilimwambia atafute kwanza mahali alipokutana nayo: kwenye gunia, kwenye kibao, kwenye dirisha la ofisi. Tukaanza na A, tukaenda. B alipata bread, bucket, bean, blanket, border. Vitu vya mtu aliyewahi kupanga foleni. Kwenye C akaniambia Congo. Nikamwambia hiyo ni nchi.

"Sawa, iko nchi. Lakini inaanza na nini?"

"Inaanza na C."

"Basi unanikatalia nini, muzee? Nchi haikuanza?"

Alikuwa akiyataja maneno huku anamimina mawese. Wateja wakadhani amepagawa. Aimée, mama wa vitunguu aliyekuwa na meza kando yake, akawaambia msihofu, Papa Sosthène anatafuta mzungu wa kuoa, na mzungu mwenyewe anataka barua. Sosthène akamjibu kwamba hata mzungu atakuja kununua kitunguu na kukuta kimeoza. Hivyo ndivyo tulivyopitisha alasiri zetu. Nasema kweli, alikuwa mwanafunzi mwepesi kuliko vijana wengi waliokaa darasani mpaka matako yakafa ganzi.

Tulipofika R akanizuia kwa mkono. Hakuhitaji mwalimu. Akaanza mwenyewe, macho kayafumba, kama anayesali rozari: refugee, ration, register, reception, return, rejected. Mkimbizi, posho, kuandikishwa, kupokewa, kurudishwa, kukataliwa. Yalitoka yote kwa mpigo mmoja. Kwa miaka ya kambini hayo ndiyo maneno aliyoyasubiri yasemwe kwenye kipaza sauti, na mtu asiyeyashika alilala njaa. Nikamwambia maneno hayo ayaache hapahapa Bwera, asivuke nayo hata Kisinga. Nikampa mengine: radio, road, rain, rope, rice. Akayarudia vizuri. Lakini niliona kwamba yangu anayataja huku akitafuta juu darini, na yale yake yalikuwa yanamtoka tu.

Siku ikafika. Walikodi basi dogo. Crispus akatupanga ndani, na njiani akasimamisha gari kumchukua mtu mmoja aitwaye Baluku kutoka Kitswamba, mstaafu wa ofisi ya kaunti ndogo, mwenye koti jeusi, tai, na Kiingereza cha mikutano. Hakuwa ndugu wa mtu yeyote mle garini. Crispus alimleta ili safu ya wazee ionekane imejaa. Baluku akatuamkia sisi kama mtu anayeamkia foleni, akalala mpaka tulipofika.

Kasese ilikuwa inaungua. Walitupanga chini ya hema jeupe, viti vya plastiki vimefungwa riboni, na spika mbili zimeelekezwa kwetu kama watu waliokuja kuiba. Kwa sababu ya majirani wa kiwandani, Wakenya na watu wa kila upande, shughuli iliendeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Wazee wa Kitooro upande ule, wazee wa Kikonzo upande huu, na hakuna aliyeambiwa aseme lugha yake. Bénit alikaa katikati yetu na kanzu na koti, mikono katikati ya magoti. Sosthène alikuwa amevaa suti ya kahawia ya ndugu yake marehemu. Hilo nalijua mimi na Bénit. Wengine waliona suti kuukuu.

Arthur Tumwesigye aliingia akicheza. Akawasalimu watu wa simu, maana siku hizi nusu ya wageni wako ndani ya simu, kisha akamwita msemaji wa wageni. Sosthène akasimama, akatoa salamu yake ya Kikonzo, ile ndefu, inayowataja wenye nyumba, wenye mlima na wenye maji. Arthur akamkata katikati. "Mzee, tafsiri iko wapi? Au hii ni matangazo ya vifo?" Hema la wenyeji likacheka. Sosthène akainama kidogo, akangoja.

Karata ikachomolewa. Ilikuwa B.

Nikapumua. B alikuwa nayo kama alivyokuwa na vidole vyake. Ngoma ikaanza. Na hapo Sosthène akafanya alilolifanya maisha yake yote: akawainamia wakwe, akawageuzia mgongo, akatuita wazee, akatoka kwenda chemba.

Tulimfuata. Niseme nini? Mguu wangu uliinuka kabla sijafikiri, na wazee wengine vivyo hivyo, kwa sababu msemaji akikuita hukai. Tukasimama nyuma ya hema karibu na masufuria, naye akatuambia kwa sauti ya chini, mmoja baada ya mwingine, bread, bucket, bean, blanket, border. Akauliza kama tunakubaliana. Tukasema tunakubaliana. Upande wa pili wa turubai tukamsikia Arthur akiwaambia watu kwamba wageni wamekimbia, mwenye kuku afunge banda. Kisha akaanza kuhesabu kurudi nyuma, na umati ukahesabu pamoja naye.

Tuliporudi, ngoma ilikuwa imenyamaza na king'ora kimelia.

"Mzee, ulikwenda kujisaidia?" Arthur akauliza.

"Niko nayo," Sosthène akasema. "Wazee bamekubali."

"Muda haujakubali."

Walicheka, na sikuweza kumlaumu hata mmoja wa vijana wale, kwa sababu hakuna aliyewafundisha walichokuwa wanakicheka. Lakini katika safu ya mbele upande wao walikaa wanaume wenye mvi, watu wa rika langu, waliojua vizuri chemba ni nini. Nao walicheka. Mmoja alifuta machozi kwa tai yake.

Adhabu ikaletwa. Ilikuwa kofia ya karatasi yenye masikio ya punda. Arthur akamvika kwa mikono miwili kama askofu, akampigisha magoti mbele ya wasichana waliobeba maua, na kumwagiza aombe msamaha kwa Kiingereza. Sosthène akasema sorry. Ilikuwa chini ya S, tulikwisha kufika huko. Simu ziliinuliwa pande zote. Nikamtazama Bénit. Alikuwa anatazama viatu vyake, na Crispus anamnong'oneza sikioni.

Arthur akaeleza kwamba iko nafasi moja tu. Mzee akianguka na hii anashuka, analetwa mwingine. Na safari hii hakuna kutoka nje. Akachomoa karata, akaiinua juu.

R.

Nilisimama. Aliyekuwa nyuma yangu akanivuta koti nikakaa.

Ngoma ikapigwa. Sosthène akasema radio. Akasema road. Akatazama juu, kule ambako maneno yangu yalikuwa yanakaa, na juu kulikuwa na turubai jeupe tupu. Masikio ya punda yakalalia nyuma. Umati ukaanza kuhesabu. Bénit akainua kichwa kwa mara ya kwanza, na nadhani Sosthène alimwona, nadhani ndiyo maana. Alimwona mtoto wake yuko karibu kusemewa na Crispus.

Akafumba macho. "Ration," akasema. "Refugee. Register. Reception."

Watu wakapiga makofi. Arthur akafurahi kweli, akaanza kuruka. Akasema kwenye maikrofoni kwamba mzee amemeza ofisi nzima ya wakimbizi, aongezwe maji. Sosthène akaenda nayo, maana ilikuwa inakuja yenyewe: return, relief, roll call, rejected. Aliyataja kwa lafudhi ya wale waliokuwa wakiyatangaza pale dirishani kambini, hata ule ukali wao. Ngoma ikanyamaza, yeye bado anataja. Akafungua macho akatabasamu. Alikuwa ameshinda. Nimeliandika hili hapa kwa sababu najua hakuna mwingine aliyeliweka kichwani: Sosthène alishinda.

Shangazi Kebirungi akasimama, akavaa miwani yake, akaomba maikrofoni. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na sauti ya nesi.

"Mzee umefanya vizuri sana," akasema. "Maneno hayo ulijifunzia wapi?"

Sosthène akaelewa alichokifanya, nilimwona akielewa, usoni kwake palishuka kitu. Ameulizwa na wakwe. Akainama, akageuka, akatutafuta sisi wazee wake. Nikaanza kuinuka. Kabla sijasimama, Bénit alikuwa amekwisha kuinuka na kuchukua maikrofoni mkononi mwa Arthur, jambo ambalo bwana harusi halifanyi. Siku ile hana mdomo, na kumsikia akisema mbele ya wakwe ni kama kumwona uchi.

"Shangazi, samahani," akasema. "Huyu si mtu wetu. Ni msemaji wa kukodi, tulimtoa sokoni Bwera kwa sababu anajua desturi. Mambo yake ya kambini ni yake."

Alisema kwa Kiingereza kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili, ili asiwepo hata mmoja ambaye hakusikia.

Kebirungi akamgeukia Sosthène. "Ni kweli, mzee? Kijana huyu si wako? Hamna undugu?"

Sikiliza alivyofanya. Aliyekuwa amesimama pale na masikio ya punda alikuwa amembeba mtoto yule kuvuka mto na kumvusha njaa, na neno moja lake lingeivunja harusi ile, vyombo vikafungwa, binti akarudishwa ndani. Wala lisingekuwa neno la uongo. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Sosthène aliulizwa na wakwe akajibu papo hapo, peke yake, bila kumtazama mtu.

"Hapana, mama. Hatuna undugu. Balinikodi tu ku soko."

"Asante," Kebirungi akasema, akavua miwani.

Arthur alikuwa na haraka ya kuirudisha sherehe. Akasema basi mkodiwa ashuke akapate soda, amefanya kazi yake. Crispus akasimama, akapewa S, akaitaja kama anayejirushia karanga mdomoni, akipepesa macho kwa wasichana. Wakamshangilia. Kisha wakafika pale pa kuwatambulisha wazazi wa bwana harusi, na hapo Kebirungi akauliza baba mdogo aliyemlea kijana ni nani, ili binti amwamkie. Crispus hakusita hata kidogo. Akanyoosha mkono kwa Baluku wa Kitswamba.

Baluku naye hakusita. Akafunga kifungo cha koti, akasimama. Kusiima akaja na mkeka, akapiga magoti mbele yake, akamwita baba, akampa kanzu mpya iliyofungwa kwa karatasi ya maua na kapu la mtama. Alipiga magoti vizuri, sina neno naye, binti aliyefundwa. Baluku akambariki kwa Kiingereza. Alizungumzia maendeleo. Akawashukuru wazazi kwa kushirikiana na ukoo wetu, alisema ukoo wetu, na akaeleza jinsi alivyomlea Bénit katika nidhamu. Sijui aliyatoa wapi. Watu wa ofisi wana maneno ya kila sherehe, wanabadilisha jina tu.

Sosthène alikaa kando ya jenereta na madereva. Hakuna aliyemwambia avue ile kofia, akawa bado anayo. Dereva wetu ndiye aliyeitoa kichwani kwake, akaikunja, akaitia chini ya kiti. Walimletea sahani ya wali na nyama. Alikula yote, taratibu, kama mtu aliyeajiriwa.

Tulipokuwa tukirudi Bwera hakuna aliyezungumza garini isipokuwa Baluku, mpaka tukamteremsha na kanzu yake. Nilipokaa karibu na Sosthène nikamwambia kwamba lile halikuwa neno la kweli, lilikuwa neno la kusukumwa, na neno la namna hiyo mtu anaweza kulirudisha. Akanijibu akitazama nje: "Nimeisema mbele ya bakwe." Ndilo lililomfanya awe msemaji. Kwa vijana hawa neno ni la kupitisha saa. Kwetu sisi neno lililosemwa mbele ya wakwe limekwisha kuchinjwa, hulirudishi zizini.

Harusi ya kanisani ikafanyika Kasese, yenye keki ya ghorofa. Sosthène hakualikwa, na angealikwa kwa kazi gani?

Baadaye Bénit akaja sokoni. Alikuja peke yake, na mkate na sukari, akasimama upande wa wateja. Alikuwa amekonda. Shida yake ilitoka yote kwa pamoja. Baluku alikuwa ameupenda ukoo wake mpya. Alikuwa anakuja Kasese kila alipojisikia, anakaa kiti cha baba, anaagiza chai, anamwuliza Kusiima kama ana habari njema tumboni. Kusiima anamheshimu sana. Kebirungi anamwita mkwe. Sasa Baluku ametaka kupewa mbuzi wa mlezi, na Kusiima anauliza kwa nini mumewe anamnunia baba yake, na lini watakwenda kulala kwake Kitswamba. Bénit alikuwa anataka Sosthène aende Kasese, waseme na Kebirungi taratibu, wazee kwa wazee, kwamba kulikuwa na kosa.

"Papa," akasema.

Sosthène alikuwa anamhudumia mama mmoja. Alimaliza, akamrudishia chenji yake.

"Papa yako iko Kitswamba," akasema.

"Papa, ilikuwa maneno ya siku ile tu. Wewe mwenyewe unajua kazi ya kusema."

"Ninaijua."

"Basi nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ulisema mbele ya bakwe. Na miye niliuliziwa, nikajibu." Akasogeza dumu. "Mupe muzee Baluku mbuzi yake. Ile iko haki yake. Bakwe banamujua."

Kijana akapiga magoti pale kwenye tope la soko, na suruali yake ya ofisini. Aimée akaacha kumenya vitunguu. Nilitaka Sosthène amwinue, na nilitaka pia asimwinue, na sitasema kilichozidi. Yeye alimwambia kwa upole kabisa, kama anavyomwambia kila mtu, asogee kidogo kando, amewazibia wateja njia. Bénit akainuka, akaacha mkate na sukari juu ya meza. Sosthène akamwita arudi, akampa vitu vyake mkononi, akamwambia mgeni asisahau mizigo.

Tangu hapo watu wachache wa milimani wamemjia Sosthène wakimtaka awasemee vijana wao. Anawaelekeza kwa Crispus, anawapa hata namba ya simu. Bénit alitoa mbuzi. Mtoto wake wa kwanza amezaliwa, wa kiume, na nasikia Baluku ndiye aliyempakata mbele ya wakwe.